Saa ya Kwanza ni ya Nani?

Muhula uliopita tulipewa kazi ya darasani: andaa zoezi la utayari wa maafa kwa mkoa mmoja, kuanzia wazo mpaka tathmini. Nilichagua Dar es Salaam, na ndani ya Dar es Salaam nikachagua Kariakoo, kwa sababu nilidhani naijua. Nikabuni tukio: Jumamosi, saa nne asubuhi, jengo la ghorofa linaporomoka jirani na Mtaa wa Kongo. Nikachora jedwali. Safu ya kwanza muda, ya pili tukio, ya tatu mhusika, ya nne anachotarajiwa kufanya. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lilikuwa na mistari 11. Hospitali 9. Polisi 7. Ofisi ya Mkuu wa Mkoa 6. Wananchi walikuwa na mstari mmoja: "Wazuiwe kusogea eneo la tukio."

Mwalimu aliipa rasimu ile alama nzuri. Mimi ndiye niliyekosa amani nayo, kwa sababu Novemba 16, 2024 nilikuwa Kariakoo.

Nilikuwa nimefuata vitambaa vya sare ya harusi ya binamu yangu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Wengi tunakumbuka kilichotokea siku ile: jengo la ghorofa liliporomoka likiwa na watu ndani, wauzaji na wateja, na uokoaji ukaendelea kwa siku kadhaa. Zaidi ya watu 80 walitolewa wakiwa hai. Zaidi ya 20 walifariki. Waliofukiwa walikuwa wakipiga simu kutoka chini ya kifusi.

Mimi nilikimbilia kwenye vumbi kama wengine, kisha nikasimama. Nilikuwa najua hatua za usimamizi wa maafa kwa mpangilio wake: kuzuia, kujiandaa, kukabili, kurejesha hali. Sikujua niweke wapi mikono yangu. Wakati nimesimama, kuli mmoja alinipita, kiroba kimekunjwa begani pale anapowekea mizigo, akaingia. Hakugeuka kutazama nani anamfuata. Walimfuata wengi. Baada ya muda mfupi walikuwa wamejipanga mstari, tofali linatoka mkono huu kwenda mkono ule, kama wanavyoshusha mzigo kwenye lori. Hakuna aliyewapanga. Mimi nilitoa simu nikapiga picha mbili. Bado ninazo, na sijawahi kumwonyesha mtu.

Kwa hiyo niliporudi kuusoma ule mstari mmoja wa wananchi, niliona nimeandika uongo. Hata hivyo, kuna swali gumu zaidi ya lile la kusahihisha jedwali. Maafa yanapotokea, saa ya kwanza ni ya nani? Na anayepanga mazoezi ana haki gani ya kuwapa watu nafasi ndani ya saa hiyo, au kuwanyima?

Nilibeba jedwali langu mpaka kijiwe kimoja cha makuli, si mbali na Msimbazi. Mzee wao alinikaribisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikamwamkia, akapokea karatasi. Aliisoma akifuatisha mistari kwa kidole mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila hasira: "Dada msomi, kwa hiyo hapa sisi ndio tunaozuiwa?"

Nilimjibu kwa hoja za darasani, na hoja hizo si za kupuuzwa. Kifusi si rundo la mawe tu. Ni nyumba iliyojipanga upya vibaya, kila kipande kimeegemea kingine, na ukivuta tofali moja unaweza kumfukia mtu ambaye mpaka dakika ile alikuwa anapumua. Mtu aliyebanwa mguu kwa saa nyingi akiondolewa uzito ghafla, sumu iliyojikusanya kwenye misuli huingia kwenye damu, na moyo unaweza kusimama mikononi mwa aliyemwokoa. Na ili kuwasikia walio chini, walio juu wanapaswa kunyamaza. Umati wenye huruma hupiga kelele. Huruma bila maarifa inaweza kuua, na anayeua kwa huruma hatajua kamwe kama ameua.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa," akasema. "Sasa hayo yote uliyoniambia, nani mwingine hapa mtaani anayajua?"

Hapo ndipo hoja yangu ilipogeuka. Kama watu wangekuwa wanangoja, kuwazuia kungekuwa na maana. Lakini hawangoji. Novemba 6, 2022 ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria ikikaribia uwanja wa Bukoba, waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 kati ya 43 walinusurika. Mmoja wa wavuvi wale, Majaliwa Jackson, baadaye aliajiriwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tulimpigia makofi, na alistahili. Ila nadhani tuliifanya habari yake kuwa ya shujaa mmoja, wakati ilikuwa pia habari ya mpango. Ukimwita mtu shujaa, huhitaji tena kujiuliza kwa nini hakuwa na kamba, wala kwa nini hakuna aliyewahi kumfundisha.

Tunaposoma kuhusu mazoezi ya kikanda huwa tunaona jambo jingine. Juni 2019, pale Namanga, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifanya zoezi la mpakani kati ya Tanzania na Kenya, tukio la kubuni likiwa mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa. Zoezi kama lile lina faida yake: daktari wa binadamu, daktari wa mifugo na ofisa wa mpakani wanajuana kabla ya siku mbaya. Wanaofanya zoezi pamoja hujuana. Basi asiyekuwepo kwenye zoezi, siku ya tukio atakuwa mgeni, hata kama amezaliwa mtaa huohuo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati kuanzia ngazi ya taifa na mkoa mpaka kijiji, maana yake sheria yenyewe inakubali kwamba maafa huanzia chini. Lakini nilipouliza pale kijiweni nani anaijua namba ya zimamoto, watu wanane walitazamana. Wote walikuwa na namba za mawinga kumi kumi. Hakuna aliyeijua 114.

Nilidhani sasa nimepata jibu: waandike makuli kwenye zoezi, mambo yaishe. Mama mmoja anayeuza soksi na vitambaa vya mkononi, meza yake iko hatua chache kutoka kijiweni, alikuwa akitusikiliza muda wote. Akaniuliza zoezi lenyewe litachukua muda gani. Nikamwambia saa tatu, na mtaa utafungwa.

"Siku gani?"

"Jumamosi."

Akacheka. "Mwanangu, saa tatu za Jumamosi ni kodi yangu ya meza. Nani ananilipa?"

Sikuwa na safu ya hilo kwenye jedwali langu. Zoezi huwa la kweli zaidi siku inayoumiza zaidi. Ukilifanya Jumapili jioni mtaa ukiwa mtupu, umefanya maigizo. Ukilifanya Jumamosi saa nne, wateja wamejaa na maguta yamebanana, umejifunza kitu, lakini umechukua ugali wa watu wanaokula kwa siku. Kuna wanaojibu haraka: saa tatu za hasara ni kidogo ukilinganisha na roho zitakazookolewa. Mfano wao mzuri ni Mexico. Septemba 19, 2017 walifanya zoezi la tetemeko saa tano asubuhi, na saa saba na dakika 14 mchana tetemeko lenyewe likapiga. Nani angelalamikia tena muda uliopotea?

Naukubali mfano huo, ila hesabu yake ina tundu. Inajumlisha faida ya wote na kuficha mlipaji. Anayeuza soksi analipa leo, kwa uhakika, kwa ajili ya jambo linaloweza kutokea au lisitokee. Mwenye ghorofa, ambaye nguzo zake ndizo zinazoleta hatari, halipi kitu na mlango wake utafunguliwa baada ya zoezi kama kawaida. Kama usalama ni wa wote, basi gharama yake haiwezi kuwa ya wenye meza peke yao. Siku ya zoezi iwe na bajeti ya fidia kama ilivyo na bajeti ya mafuta ya magari. Na kama fidia inaonekana ghali mno, ina maana tulikuwa tunajua kwamba hasara ni kubwa, tukaamua tu ibebwe na wasiosikika.

Kisha nikaingiwa na hofu ya pili, kutoka upande mwingine. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka Mtaa wa Indira Gandhi, si mbali na hapa, likaua watu 36. Miaka 11 baadaye, Kariakoo. Tukiwafundisha makuli kuchimba vizuri, je, hatuwapi wengine ruhusa ya kujenga vibaya? Baada ya Novemba 2024 Serikali iliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Ukaguzi ndio unaozuia. Zoezi la uokoaji ni kukiri kwamba kuzuia kunaweza kushindikana. Vyote viwili vinahitajika, lakini mji unaofanya mazoezi mengi na ukaguzi kidogo unawazoeza maskini wake kufukua miili.

Na hofu ya tatu imo ndani ya jina la mahali penyewe. Kariakoo inatokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Maelfu kwa maelfu ya Waafrika walibebeshwa risasi na chakula cha vita isiyokuwa yao, na wengi hawakurudi. Sanamu ya Askari pale katikati ya mji, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawakumbuka wapagazi kwenye maandishi yake, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Mimi sasa, msomi wa miaka 26, nataka kuja na jedwali kuwaambia makuli wa Kariakoo kwamba siku ya maafa wao ndio watakaobeba. Bila mshahara, bila glavu, bila kujua nani atamtibu anayeangukiwa na tofali la pili.

Kuwaacha nje ni dharau. Kuwaandika bila haki yoyote ni kuwabebesha tena. Njia ninayoiona inapita kati ya haya mawili, na ni nyembamba. Anayeandikwa kwenye zoezi aandikwe kwa hiari, na akikataa asionekane msaliti. Alipwe siku ya mafunzo. Awe na kofia ngumu, glavu na uhakika wa matibabu. Na akae kwenye kikao cha tathmini, pale makosa yanapotajwa, kwa sababu asiyeshiriki kutaja makosa ndiye atakayebandikwa. Huko Mexico, vijana wa kawaida waliojitosa kwenye vifusi vya tetemeko la mwaka 1985 walijiunda kuwa kikosi cha waokoaji kinachojulikana kama Topos, yaani fuko, na bado kipo. Hawakuzuiwa, wala hawakuachwa kuwa mashujaa wa siku moja.

Niliandika upya jedwali. Wananchi sasa wana mistari 14, na safu ya tano inaitwa "Nani analipa". Nikalirudisha kijiweni. Mzee alilisoma tena kwa kidole, akasimama kwenye mstari wa dakika ya 40: "Ukimya, ili waliofukiwa wasikike."

"Nani atainyamazisha Kariakoo?" akauliza.

Nikamwambia wenzetu wa Mexico huinua ngumi juu, na kila anayeiona naye hunyamaza na kuinua yake, mpaka mtaa mzima unatulia. Akafikiri kidogo. Kisha akasimama, akainua ngumi. Makuli watano wakanyamaza na kuinua zao. Mwenye guta akasimamisha guta. Mama wa soksi akainua mkono, soksi zikiwa bado zinaning'inia. Nami nikainua wangu.

Ng'ambo ya barabara winga mmoja, ambaye hakutuona, aliendelea kuita: "Karibu dada, ingia ndani, kuangalia bure!"

Mzee alishusha mkono. "Huyo," akasema, "mwandike wa kwanza."