Mizani ya Utu na Moyo Usio na Ashiki

Je, ashiki ni sharti la utu? Anayeulizwa swali hili ghafla huenda akajibu kuwa sivyo, kwani utu, kwa Mswahili, hupimwa kwa hisani, haya na ukweli wa kauli. Hata hivyo, matendo ya watu hayalingani na jibu hilo. Wapo wanaume na wanawake ambao tangu kubaleghe kwao hawajapata kumtamani mtu yeyote kimwili, awe wa jinsia yao au ya pili. Hawakuweka nadhiri ya kujizuia kama watawa, wala miili yao haina ila. Huwapenda wazazi, ndugu na marafiki, na baadhi yao hutamani mwenza wa kuzeeka naye. Ashiki tu ndiyo isiyowajia. Watu hawa hubaguliwa, na ubaguzi wao una ajabu yake: wengine hushutumiwa kwa walilolitenda, wao hushutumiwa kwa wasilolihisi.

Elimu ya kisasa nayo ilichelewa kuwaona. Mwaka 1948, Alfred Kinsey na wenzake walipochapisha nchini Marekani kitabu chao juu ya maisha ya kujamiiana ya wanaume, walitumia mizani yenye daraja kuanzia 0 hadi 6, ili kupima mtu anavutwa zaidi na jinsia ipi. Wale ambao hawakuonyesha mvuto wowote hawakupata nafasi katika mizani hiyo. Waliwekwa kando kwa herufi X. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya Anthony Bogaert, mtaalamu wa nchini Kanada, kuchapisha mwaka 2004 uchambuzi wa majibu ya watu zaidi ya 18,000 wa Uingereza. Takriban 1% kati yao walikuwa wamejibu kwamba hawajawahi kuvutwa kimwili na mtu yeyote. Kwa kipimo hicho, katika mji wa watu 100,000 huenda wakawamo 1,000 wa namna hiyo, wakifanya biashara, wakisomesha na kulea watoto wa ndugu zao, bila ya jirani kujua.

Mwaka 2012, Cara MacInnis na Gordon Hodson wa Chuo Kikuu cha Brock, huko huko Kanada, walichunguza jinsi watu wanavyowatazama wasio na ashiki. Waliohojiwa waliwapa daraja ya chini ya utu kuliko wengine, na wakaonyesha kusita zaidi kumpangisha nyumba au kumwajiri mtu wa aina hiyo. La kustaajabisha ni kwamba walionekana kuwa baridi kama mashine, na papo hapo kuwa duni kama wanyama. Yawezekanaje kiumbe kimoja kiwe mashine isiyo na hisia na mnyama asiye na akili? Hukumu mbili zinazopingana hivyo haziwezi kuwa zimetokana na kumtazama anayehukumiwa. Zimetokana na mizani iliyokwisha kuandaliwa kabla yake, ambayo jiwe lake la kupimia ni ashiki. Asiyekuwa nayo huonekana mwepesi, apimwe upande wowote.

Dhuluma ya pili ni kunyimwa ushahidi wa nafsi yake. Mtu akisema ana njaa, huaminiwa. Akisema hana njaa, pia huaminiwa. Lakini akisema hana ashiki, kila msikilizaji hugeuka tabibu. Huambiwa kuwa hajakutana na wake wa kufa na kuzikana, kuwa aliumizwa utotoni, au kuwa anaficha mapenzi yasiyosemeka. Katika mwambao wa Waswahili husemwa pia kuwa ana jini mahaba, akapungwa na kunyweshwa kombe kwa maradhi asiyoyaona mwenyewe. Kibaya zaidi, wapo wanaojiona wana haki ya kumtibu kwa nguvu kitandani. Kauli ya wahenga kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake hutumika kwa kila shida isipokuwa hii, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na kitanda. Hata matabibu wamejirekebisha: mwongozo wa maradhi ya akili uliotolewa mwaka 2013 na chama cha madaktari wa akili cha Marekani unaeleza kuwa mtu anayejitambua kuwa ndivyo alivyo, hakuwa na ashiki maisha yake yote, asihesabiwe mgonjwa kwa hilo.

Ipo hoja nzito upande wa pili, nayo haifai kupuuzwa. Ndoa ina haki zake. Aliyeoa au kuolewa kwa kutarajia tendo la ndoa, akanyimwa bila ya kuelezwa, amedhulumiwa, na sheria nyingi humsikiliza. Sheria ya ndoa ya Uingereza ya mwaka 1973, kwa mfano, huruhusu ibatilishwe ndoa ambayo mmoja amekataa kwa makusudi kuikamilisha kitandani. Lakini hoja hii, ikifuatwa hadi mwisho wake, humlaumu nani? Kijana aliyesema mapema kuwa hana hamu hiyo, akachekwa, akatishiwa radhi za wazazi, akasingiziwa uhanithi, kisha akaozwa ili ajifunze, hakumdanganya mtu. Waliomdanganya mwenzake ni wale walioisikia kauli yake wakaifukia. Jamii inayouharamisha ukweli huo ndiyo inayozalisha nyumba zenye vilio viwili, cha anayelazimishwa na cha anayesubiri.

Wala turathi za pwani hazikukosa nafasi kwa watu hawa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, mmoja wa wanavyuoni wakubwa wa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, hakuoa maisha yake yote. Katika kitabu chake cha Minhaj, ndoa hupendekezwa kwa mwenye haja nayo na uwezo. Asiye na haja hapewi hukumu hiyo hiyo, na hata akiwa na uwezo, kujishughulisha na ibada huwa bora kwake. Hili halimaanishi kwamba Imamu mwenyewe hakuwa na ashiki. Lililo muhimu ni kuwa fiqhi iliuliza haja ya mtu kabla ya kumhukumu, swali ambalo majirani na mashangazi hulisahau.

Jimbo la New York lilipopitisha mwaka 2002 sheria ya kukataza ubaguzi katika kazi na makazi, liliwataja wasio na ashiki pamoja na wengine. Hilo ni jambo la maana, lakini sheria haifiki barazani wala jikoni, mahali ambapo mtu huulizwa kila Idi ataoa lini. Huko kinachohitajika ni lugha, na Kiswahili hakina upungufu: huba, nyonda, ashiki na uchu hayakupata kuwa neno moja. Mshairi anayeyatenganisha anaweza kumsifu aliyemuuguza nduguye miaka kumi, bila ya kumwonea huruma kwa kuwa kitanda chake ni cha mtu mmoja. Na mzazi asikiapo mwanawe akisema kwamba hakuumbwa na hamu hiyo, atakuwa amemtendea haki ya kwanza iwapo atamsikiliza hadi amalize, kisha amwamini.