Dakika Tano za Asubuhi

Hapa Picha ya Ndege mwezi Julai tunavaa sweta na kulalamika baridi, lakini injini ya dizeli haioni baridi yoyote. Ukiwasha, inaitika. Trekta za URSUS kutoka Poland ziliunganishwa hapahapa Kibaha, eneo la TAMCO, ila tabia ya trekta kwenye baridi niliijua Njombe, ambako mwezi huo umande huweza kuganda kwenye majani.

Trekta ya kule ni ya kikundi cha wakulima 12, kila mmoja na zamu ya saa tatu. Zamu ya mjomba ilianza saa 12 asubuhi.

Dizeli haiwashwi kwa cheche. Injini hubana hewa ndani ya silinda mpaka ipate moto wa kuunguza mafuta. Asubuhi ya baridi, chuma hunyonya joto hilo, oili huwa nzito na betri hulegea. Unapasha plagi kwanza, unapiga stata, kisha unaiacha ingurume taratibu dakika tano hivi ili oili ifike kote. Ukikanyaga mafuta mapema, vyuma vinasagana.

"Mjomba, muda unakwenda," nilisema. Nilikuwa na basi la kuwahi.

"Subiri, mjomba. Bado haijaamka."

Alipokwenda kuchukua pini ya jembe, nilipanda nikakanyaga. Ilinguruma, ikatoa moshi mweusi. Hakuna kilichovunjika.

Shida yangu iko hapo. Plato anasimulia juu ya pete inayomfanya mtu asionekane, kisha anauliza kama mwenye nayo angeendelea kutenda haki. Injini baridi inampa mtu pete hiyo. Madhara yake hujikusanya kidogo kidogo, na yakijitokeza hayana jina la mtu.

Najitetea hivi: mwenye zamu ya kwanza anaonewa. Dakika zinazopotea ni zake, lakini injini iliyopashwa vizuri inawafaa wote. Ni kweli, na kikundi kingepaswa kumwongezea muda kwenye ratiba. Lakini kabla hawajakubaliana, je, anaruhusiwa kujilipa mwenyewe? Nadhani hapana. Dai lake ni halali, ila akijilipa kimyakimya anawatoza wenzake deni wasilojua kuwa wanalo, na kuwanyima nafasi ya kukataa. Tena mimi sikuwa hata na zamu. Nilikuwa na basi tu.

Mwaka uliofuata injini ilifunguliwa. Fundi alisema imechakaa, na hakuna aliyeweza kusema nani kaichakaza. Huenda mguu wangu wa asubuhi moja haukuongeza kitu kinachopimika. Lakini kila mmoja wa wale 12 angeweza kusema vivyo hivyo, na gharama iligawanywa kwa 12.

Nilimtumia mjomba pesa kwa simu, nikamwambia ni ya sukari. Alishukuru sana. Bado sijamwambia ukweli, na wale 11 wengine hawanijui hata kwa jina.