Mzee Aliyemwambia Mfalme Hapana

Barzilai Mgileadi alikuwa na miaka 80 Daudi alipomwalika Yerusalemu, akale mezani pa mfalme. Akakataa. Alisema ulimi wake hautambui tena ladha, wala masikio hayafaidi sauti za waimbaji. Alichotaka ni kufia mjini kwake, karibu na kaburi la baba na mama yake (2 Samweli 19). Wala hakuwa fukara anayeringa. Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu, Barzilai na wenzake ndio waliomletea vitanda, unga, kunde na asali. Siku zile mkimbizi alikuwa mfalme.

Hapa Bunia tunao akina Barzilai wengi chini ya mabashi ya kambi ya Kigonze. Tangu vita vilipolipuka tena Djugu mwishoni mwa 2017, wazee waliokuwa na ng'ombe na mashamba, waliokuwa wakikata kesi za ukoo, leo wanangoja jetoni ya msaada. Kurudi si jambo la kujiamulia: hata kambi hushambuliwa. Plaine Savo, upande wa Bule, watu wapatao 60 waliuawa usiku mmoja wa Februari 2022.

Koko mmoja pale Kigonze huyapima maharagwe upya kwa kopo lake kila yanapofika, ingawa mjukuu amekwisha kuyapima. Kijana hununa. Kopo la kwanza koko hulitenga, ampe amtakaye. Majirani wanamwita mkaidi. Mimi naona amebakiwa na kitu kimoja anachokitoa bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Nasi wa Kanisa huja na nia njema, yote tumeshayapanga: nani ahamie hema lipi, nani apokee kwa niaba ya nani, hata wimbo wa kushukuru. (Hili la wimbo hunikera kuliko yote.)

Sasa mtazameni Daudi. Barzilai anamkabidhi kijana wake Kimhamu aende badala yake, anamwambia mfalme amtendee apendavyo yeye mfalme. Daudi anageuza neno: nitamtendea upendavyo wewe, mzee. Mwenye jeshi na kiti cha enzi anamwachia uamuzi mtu asiye na haja naye tena. Kisha anambusu, anambariki, anamwacha aende kwake.

Wanakamati wetu watakaokwenda Kigonze juma hili waanze kwa kuketi na wazee, wawaulize kabla ya kuandika orodha yoyote. Na koko akisema hataki, asiulizwe mara tatu.