Jicho la Pili

Pale mpakani Busia, maofisa wa Kenya na wa Uganda hufanya kazi chini ya paa moja. Hati za msafiri hupita mbele ya macho ya dola mbili. Akisinzia mmoja, huenda wa pili akaona. Je, sisi walimu wa Kiswahili huku Tororo hukaguliwa na nani? Mara nyingi mwalimu mkuu haijui lugha tunayoifundisha. Azimio la kazi hulitia sahihi, lakini makosa ya lugha hayaoni.

Hatuna budi kukiri. Siku moja, kwa uchovu, tulitia alama ya vema daftarini palipoandikwa "kitabu yangu". Miaka baadaye mwanafunzi yule alipeleka ng'ambo ya mpaka barua ya kuomba ukarani. Alirudishiwa, "cheti yangu" imepigiwa mstari mwekundu. Hakutulaumu, aliuliza tu, "Mwalimu, mbona ulinipa vema?"

Ndugu walimu, uwajibikaji si kumwogopa mkaguzi. Ni kujikagua pale ambapo hapana mwingine awezaye kutukagua. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya mwalimu mzembe hukomea mpakani, naye aumiaye ni mwanafunzi.