Beringi Nne

Je, adhabu yaweza kulipiga kosa bila kuujeruhi ustadi wa mkosaji? Swali hili hunirudia kila nisomapo habari za Frank Nasworthy, kijana wa Kimarekani. Mwaka 1970, katika karakana ya plastiki jimboni Virginia, aliona magurudumu laini ya yurethani yaliyokusudiwa viatu vya kutelezea. Akayafunga kwenye ubao wake. Vibao vya siku hizo vilitembelea magurudumu ya chuma au yale yaliyoitwa ya udongo. Kokoto moja tu ilitosha kumwangusha mpandaji. Yurethani iliishika barabara. Kufika 1973 alikuwa akiyauza California kwa jina la Cadillac Wheels, na mchezo uliokuwa umefifia ukafufuka.

Mimi nami nilipata kuwa na Nasworthy wangu. Nilikuwa mwalimu mkuu. Mwanafunzi wa darasa la sita alikuja shuleni juu ya ubao mfupi wenye beringi nne alizoziomba gereji. Alikuwa amechelewa. Niliutwaa, nikampa mpishi autie jikoni uwe kuni. Mtoto akaniuliza, tena kwa adabu: "Mwalimu, kosa langu ni kuchelewa au ni kuutengeneza?" Nikamwongezea viboko viwili kwa ajili ya swali hilo.

Baadaye, nilipohamishiwa chuo cha ualimu, miaka mingi niliwafundisha wanachuo kwamba adhabu ipige kosa, isimpige mtu. Kisa hiki sikuwasimulia. Mpishi alikuwa ameziokota beringi jivuni, akaniletea akidhani nitazihitaji. Zimo mezani mwangu hadi leo, nyeusi. Moja bado inazunguka.