Bakuli la Unga, Bila Kuni

Somo: 2 Samweli 24:18–25, Yohana 10:17–18

Wacha nianze na mfalme ambaye angeweza kutoa sadaka bila kugusa mfuko wake. Daudi anafika kwa Arauna akitaka kiwanja cha kupuria nafaka, ajenge madhabahu. Arauna anamwambia achukue tu: kiwanja bure, ng'ombe bure, hata kuni bure. Mimi nilisomea biashara, na nakuambia ukweli, ningesaini hapo hapo. Daudi anakataa. Analipa shekeli 50 za fedha, kwa sababu hataki kumtolea Mungu kitu ambacho hakikumgharimu.

Sasa twende Kakuma.

Mnajua vile mwaka 2025 mgao wa chakula kambini ulipunguzwa vibaya. Wengi wetu hapa Lodwar tulisema hiyo ni shida ya wakimbizi. Lakini kwa miaka mingi mama zetu Waturkana wamekuwa wakipeleka kuni na makaa kambini, wanapewa unga. Unga ukipungua kwa mkimbizi, umepungua pia kwa mwenye kuni. Hesabu rahisi sana, na mimi na digrii yangu sikuwa nimeipiga.

Nilikwenda huko kuhudumu, nikamtembelea mama mmoja Mkongomani, mpendwa mwenzetu. Tukiwa tumeketi, akaja mama Mturkana ambaye humletea kuni. Siku hiyo hakuwa na kuni. Mwenyeji wangu akaingia ndani, akatoka na bakuli la unga, akampa. Wakaulizana habari za watoto, yule akaenda zake. Mfuko wa unga niliuona pale mlangoni. Ulikuwa umebaki chini kabisa.

Basi nikafanya vile sisi wahubiri tunafanya. Nikainua mkono: "Mama, umepanda mbegu! Mungu akurudishie mara mia!"

Akanikatiza. "Pasta, usiniombee hivyo. Nikirudishiwa, si itakuwa nilimkopesha?"

Nilishusha mkono.

Wafugaji wetu wanajua kumpa rafiki mbuzi leo, ili ukame ukija wawe na mahali pa kuomba. Ni desturi nzuri, ni kama bima. Lakini bakuli lile halikuwa bima. Yule wa kuni angerudisha nini?

Na hapa nisieleweke vibaya. Kukatiwa mgao si dhabihu. Mtu amenyang'anywa sahani, usimwendee na Biblia ukimwambia ati huo ndio msalaba wake. Yesu alisema hakuna anayemwondolea uhai wake. Anautoa yeye mwenyewe. Ukiondoa hilo neno "mwenyewe", kinachobaki ni hasara, na mwenye hasara anahitaji mtu wa kumtetea. Dhabihu ya mama yule ilianzia kwenye kile kidogo alichobakiwa nacho, ambacho angekula na watoto wake na hakuna mtu angemlaumu.

Wapendwa, neno hili limenikamata mimi kwanza. Mnakumbuka nilivyosimama mbele yenu nikaita watu wa elfu tano, halafu wa elfu moja, nikashuka mpaka wa mia mbili, kama mnada wa mbuzi. Dada mmoja ameniambia alisimama na pesa za dawa, kwa sababu jirani yake alikuwa anamwangalia. Hakuzitoa huyo dada. Nilizichukua mimi. Nimemrudishia na nimemwomba msamaha, na nyinyi pia nawaomba.

Nimeongea na mchungaji wetu, amekubali. Jumapili hii sitaita mtu kwa kiasi. Kikapu kitakaa karibu na mlango. Ukiweka, weka, ukipita, pita, nami nitakuwa nimeangalia upande mwingine. Mwisho wa mwezi narudi Kakuma. Mwenye unga na aulete ofisini kabla ya Ijumaa, tutagawa kambini na kwa mama wa kuni pia. Nao tutawaambia mapema wasilete kuni.