Mgeni Aliyezaliwa Hapa

Watu wa mji huzidi kwa milango miwili, kuzaliwa na kuhamia. Hupungua kwa miwili, kufa na kuhama. Hesabu hii ni nyepesi, na kila mwenye duka aijua kwa mali yake. Lakini twaomba wasomaji wetu watazame pamoja nasi Dagahaley, katika Garissa, waone mtu aliyeingia kwa mlango mmoja akaandikwa kwa mwingine.

Dagahaley ni moja katika kambi za Dadaab, zilizoanzishwa 1991 na 1992 baada ya kuanguka serikali ya Siad Barre. Zilikusudiwa watu 90,000. Ilipokuja njaa ya 2011 waliokuwamo walipita 400,000, kwani nyuma yao mlango wa mauti ulikuwa wazi: yakadiriwa Somalia ilipoteza watu kama 260,000, nusu yao watoto wasiotimiza miaka mitano.

Ama leo wamo humo watu wazima, wenye watoto wao, ambao hawakuvuka mpaka wo wote. Walizaliwa Dagahaley. Daftari lawaita wakimbizi, maana katika Kenya uraia hufuata mzazi, haufuati ardhi.

Na liko la kinyume chake, ambalo huku pwani halijulikani sana. Wenyeji wa Garissa, raia khasa, walijiandikisha kambini katika miaka ya shida ili wapate chakula. Alama za vidole vyao zilipokutwa katika daftari la wakimbizi, wakanyimwa vitambulisho. Wamekuwa wahamiaji bila ya kuhama!

Serikali ina haki ya kujua watu wake, hilo hatulikatai. Mwaka 2010 ilifuta hesabu ya 2009 ya wilaya nane, mojawapo Lagdera yenye Dagahaley, kwa kuwa nyongeza yake ilizidi iwezayo kuletwa na uzazi. Si ubaya kumwuliza mtu katokea wapi. Lakini swali hilo aulizwe na mjukuu wake?

Nasi tusijifanye watazamaji. Ni nani katika Mombasa asiyejua nyumba ambayo babu yake alishuka chomboni, akitoka Hadhramaut au Barawa? Hakuja na karatasi, na mwanawe wa kwanza aliitwa mtu wa mji.

Mwaka 2025 Serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wa kuzigeuza kambi ziwe makazi ya wakimbizi pamoja na wenyeji. Ni hatua njema, nasi twaishukuru. Wataja shule, hospitali na kazi. Uraia wa aliyezaliwa humo haukuutoa.